Kamba Kwanza, Fundi Baadaye

Habari ya mashini ya ushirika wetu imekwisha kutembea Kamituga nzima, na kila ilipopita iliongezewa chumvi. Wengine walisikia kwamba imeibwa, wengine kwamba imeungua, wengine kwamba hesabu za akiba zimefutwa makusudi. Leo katika kona yetu tutasema mambo jinsi yalivyokuwa, kisha tutafundishana namna ya kuchunguza ordinatere na vyombo vinavyofungwa juu yake kabla ya kutoa hata franka moja. Si lazima uwe umesoma sana. Unahitaji macho, subira na mikono mikavu.

Mambo yalivyotokea

Kila mama aliye katika kikundi cha AVEC anajua uzito wa siku ya kugawana. Mzunguko mzima tunaweka, tunakopa, tunarudisha, halafu sanduku lenye kufuli tatu linafunguliwa mbele ya wote na kila mmoja anapata sehemu yake. Kikundi chetu kilipaswa kugawana siku ya posho asubuhi. Mama mmoja alikuwa anangoja feza hizo amlipie mwanawe wa mwaka wa mwisho, aweze kushiriki Examen d'État. Mwingine alikuwa na deni la duka. Mwingine alitaka kununua bidhaa Bukavu kabla barabara haijaharibika zaidi.

Siku ya tano jioni mama mwandishi akawasha mashini ili atoe orodha ya sehemu za kila mmoja. Taa ya kisanduku ikawaka, upepo wa ndani ukasikika, lakini ekrani ikabaki nyeusi. Maneno mawili yalitokea kidogo, «Aucun signal», kisha yakapotea. Akazima, akawasha tena, mara tatu, mara nne. Ni vilevile.

Kijana mmoja anayetengeneza telefone akaitwa. Aliangalia akiwa amesimama, hakugusa kitu, akasema «carte mère» imekufa. Akaomba dola 60, mbali na nauli ya kuipeleka mashini Bukavu. Kilometa karibu 180 za barabara ya RN2, na mvua hizi ambazo lori linaweza kulala kwenye tope siku nyingi! Na dola 60 zingetoka wapi? Katika sanduku la msaada, lile la ugonjwa na misiba.

Lakini jambo lililoumiza zaidi halikuwa feza. Usiku ule maneno yalianza. «Kwa nini imekufa leo, siku moja kabla ya kugawana?» «Ufunguo wa chumba anao nani?» Ilipofika asubuhi, mama mwandishi alikuja kwenye mkutano macho yamevimba, na kuna wamama ambao hawakumpa mkono.

Tulikuwa wamama 28 katika chumba kile. Mmoja wao ni mama mtwangaji wa mawe, kutoka pale ambapo wamama wanaponda mawe ya zahabu tangu alfajiri. Yeye anasema mwenyewe kwamba ordinatere hajawahi kuigusa. Alikaa nyuma ya meza kwa sababu viti vya mbele vilikuwa vimejaa, na kutoka pale akauliza: «Wamama, hii kamba yenye kichwa cha bluu, ni ya kuning'inia hivi?»

Haikuwa ya kuning'inia. Ilikuwa kamba ya ekrani. Siku ya ine watoto walikuwa wamesukuma meza ili wafagie, kamba ikavutika, kichwa chake kikatoka upande mmoja. Tukazima, tukakirudisha, tukakaza bisi zake mbili kwa vidole, tukawasha. Orodha ikaonekana, majina 28, hakuna hata moja lililokosekana. Tuligawana saa tano badala ya saa tatu.

Sasa tuingie katika somo.

Kanuni ya kwanza: shuku kamba kabla ya mashini

Ordinatere ya mezani ni kama jamaa: kisanduku, ekrani, klaviye ya kuandikia, suri ya kusukuma kwa mkono, na imprimanti ya kutoa karatasi. Kinachowaunganisha ni kamba. Kisanduku kinakaa mahali pamoja, hakuna anayekisumbua. Kamba zinavutwa na watoto, zinakanyagwa, zinakunjwa, zinaliwa na panya. Kwa hiyo chombo kikikataa kazi, anza na kamba.

Shuleni tunawaambia wanafunzi: ukitaka kujua sababu, badilisha kitu kimoja tu, kisha uangalie. Ukibadilisha vitatu kwa mara moja, hata kikipona hutajua ni kipi kilichokuwa kigonjwa. Fanya hivi kwa utaratibu:

Zima mashini. Angalia kila kamba toka mwanzo hadi mwisho, kwa macho na kwa vidole. Chomoa ile unayoshuku, tazama meno yake, irudishe vizuri. Washa. Ikikataa bado, azima kamba nyingine ambayo unajua kwa hakika kwamba ni nzima, ujaribu nayo. Ikifanya kazi, umempata mgonjwa. Ikikataa, rudisha ile ya kwanza na uende kwenye kitu kinachofuata.

Hicho ndicho fundi mzuri anachofanya. Tofauti ni kwamba yeye anazo kamba nzima katika mfuko wake.

Ekrani nyeusi

Kwanza uliza: ekrani yenyewe ina taa? Kama taa yake ndogo haiwaki kabisa, shida iko kwenye umeme wa ekrani: prizi, ralonji au kamba yake ya umeme. Kumbuka kwamba ekrani ina kamba mbili, moja ya umeme na nyingine ya picha.

Kama taa inawaka na unaona «Aucun signal» au «Pas de signal», ekrani ni nzima. Inakuambia: «Mimi niko macho, lakini hakuna anayeniletea picha.» Tafuta kamba ya picha. Ile ya zamani yenye kichwa cha bluu inaitwa VGA. Ilitoka mwaka 1987 na bado iko kwenye mashini nyingi za okazioni zinazotufikia. Ina vijino vyembamba vinavyopangwa kwa safu tatu, na bisi mbili za pembeni. Usiisukume kwa nguvu, maana kijino kikikunjika picha inakuwa nyekundu au ya kijani, au inapotea. Na usiache kukaza bisi, hata kama una haraka. Bisi zile ndizo zilizokosekana kwetu.

Unataka kujua kama mashini iko hai wakati ekrani ni nyeusi? Bonyeza «Verr Maj» kwenye klaviye. Kama taa yake ndogo inawaka na kuzimika kila unapobonyeza, moyo wa mashini unapiga. Kwetu taa ile ilikuwa inawaka na kuzimika tangu siku ya tano jioni, na hakuna aliyejaribu.

Klaviye inayoandika vingine

Mama mmoja alitufikia na klaviye mpya ya dola 7, akisema ameuziwa mbovu: akibonyeza A inatokea Q, akibonyeza Z inatokea W. Klaviye ile haikuwa mbovu. Sisi tumejifunza kwenye klaviye ya Kifaransa, ambayo herufi zake za juu zinaanza na AZERTY. Lakini bidhaa nyingi zinatoka Dubai au zinapita Uganda na Tanzania, na huko wanatumia ile inayoanza na QWERTY. Mashini inaamini lugha uliyoiambia, haitazami maandishi yaliyo juu ya vidoto vya klaviye.

Tazama pembeni chini ya ekrani, upande wa kuume. Ukiona FR au EN, bonyeza hapo uchague. Mara nyingi lugha inabadilika bila kujua, mtoto akibonyeza «Alt» ya kushoto pamoja na «Maj». Bonyeza vile tena, itarudi. Na kama tarakimu za upande wa kuume hazitoki, bonyeza «Verr Num» mara moja. Kwa jambo hili usimlipe mtu yeyote.

Kama klaviye au suri ni ya zamani yenye kichwa cha mviringo, ya klaviye ni rangi ya zambarau, ya suri ni ya kijani. Hizo zima mashini kwanza kabla ya kuzichomoa au kuzirudisha.

Suri isiyotembea

Igeuze. Ukiona mwanga mwekundu chini yake, umeme unaifikia. Basi tatizo ni mahali unapoisukuma au ni vumbi. Suri ya mwanga inataka kuona alama za meza. Juu ya kioo au meza inayong'aa haioni kitu. Weka karatasi au kitabu chini yake. Kisha futa kitundu cha mwanga kwa kitambaa kikavu. Kamituga vumbi la mawe linaingia hata ndani ya chungu kilichofunikwa, sembuse kwenye suri.

Kama hakuna mwanga, ihamishe kwenye tundu jingine. Ikiamka, tundu la kwanza ndilo lenye shida. Isipoamka hata kwenye mashini nyingine, kamba yake imekatika ndani, mara nyingi karibu na shingo, pale inapoingia kwenye suri.

Kichwa kile cha bapa kinachoingia kwenye matundu mengi ya mashini kinaitwa USB. Kabla hakijatoka mwaka 1996, karibu kila chombo kilikuwa na kichwa chake na tundu lake. Mmoja wa walioongoza kazi ile ni Ajay Bhatt, mzaliwa wa India, mhandisi wa kampuni ya Intel. Yeye amesimulia kwamba taabu ya kufunga imprimanti nyumbani kwake ni moja ya mambo yaliyomsukuma. Kama mhandisi alishindwa na kamba nyumbani kwake, wewe usione haya.

Kichwa hicho kinaingia upande mmoja tu. Kikikataa, kigeuze, usikilazimishe. Na ujue kwamba matundu ya nyuma ya kisanduku yanashika vizuri kuliko ya mbele, kwa sababu ya mbele yanapitia kamba nyembamba za ndani. Chombo kikisumbua mbele, kijaribu nyuma.

Telefone inashika umeme, lakini picha hazipiti

Hii tunaulizwa kila juma. Kamba ya USB ya kawaida ina nyaya nne ndani: mbili za umeme, mbili za kupitisha habari. Kamba nyingi za bei ya chini zinazouzwa njiani zina zile mbili za umeme tu. Telefone inajaa, lakini ordinatere haiioni. Telefone haina shida, na ordinatere haina shida. Unaponunua kamba, uliza kama inapitisha picha, na ukiweza ijaribu palepale kabla ya kulipa.

Imprimanti inayokaa kimya

Imprimanti nayo ina kamba mbili: ya umeme, na ile ya USB ambayo mwisho wake ni wa mraba. Angalia zote mbili. Kama imprimanti yako inatoa kopi, weka karatasi juu ya kioo chake uombe kopi moja. Ikitoa kopi safi, mashini ya kuchapa ni nzima. Tafuta shida kwenye kamba au ndani ya ordinatere.

Ndani ya ordinatere kuna mambo mawili yanayotokea mara nyingi. La kwanza, imprimanti imewekwa «hors connexion». Fungua dirisha lake, uondoe alama ile. La pili, ulihamisha kamba kwenye tundu jingine, na ordinatere ikadhani umeleta imprimanti mpya. Ikaiandika tena kwa jina lilelile na neno «Copie 1». Sasa unatuma kazi kwa ile ya zamani ambayo haipo. Rudisha kamba kwenye tundu la kwanza, au chagua jina la pili. Ndiyo sababu tunaweka alama ya rangi kwenye tundu la imprimanti na kwenye kamba yake.

Na tafadhali, usitume kazi mara kumi kwa hasira. Zote zinapanga mstari, na siku itakapoamka itamaliza karatasi zako. Futa mstari ule, kisha utume mara moja.

Karatasi zikikwama, fikiri juu ya hali ya hewa yetu. Hapa kwetu karatasi inanyonya unyevu, na karatasi mbili mbichi zinashikana kama chapati. Zipepee kwa mkono kabla ya kuzitia, na ramu iliyofunguliwa ihifadhiwe katika mfuko uliofungwa.

Maji ya klori na klaviye

Hapa tunaungama kosa letu wenyewe. Mnakumbuka tulivyoishi tangu mwezi wa tisa 2023, Mpox ilipoingia katika mji wetu. Wakati tarehe 14 mwezi wa nane 2024 Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, lilipotangaza hatari kwa dunia nzima, sisi hapa tulikuwa tumekwisha kunawa mikono kwa maji ya klori karibu mwaka mzima. Ilikuwa vizuri kusafisha kila kitu kinachoshikwa na watu wengi, na klaviye inashikwa na wengi. Lakini tulichovya kitambaa katika klori, tukaikamulia juu yake. Baada ya majuma machache vidoto nusu vilikuwa vimekufa, na meno ya kamba yamefanya kutu.

Klori inakula chuma. Kusafisha klaviye, suri au kichwa cha kamba, zima kwanza, chomoa, tumia kitambaa kilicholowa kidogo alkoli ya farmasi, kisha ungoje kikauke kabisa. Vumbi la ndani ya vidoto, pindua klaviye uitikise taratibu.

Na chai ikimwagika? Chomoa mara moja, pindua kichwa chini, iache ikauke siku mbili mahali penye hewa. Usiweke karibu na makala. Tumeona klaviye iliyoyeyuka kwa ajili ya haraka hiyo.

Umeme wa huku kwetu

Nyumba nyingi zinatumia pano za jua au jenereta, na umeme wa namna hii unapanda na kushuka. Jenereta ikiwashwa, ngoja dakika chache itulie ndipo ufunge mashini. Zima mashini kabla mafuta hayajaisha, usingoje ijizimikie. Kama kikundi kina uwezo, stabilizatere ni ununuzi wa maana kuliko imprimanti ya pili. Ngurumo ikianza, kuzima tu haitoshi. Chomoa fishi kwenye prizi.

Fishi zenye meno matatu ya bapa zinazotoka Uganda au Kenya haziingii kwenye prizi zetu za matundu ya mviringo. Nunua adaptatere. Usikate kichwa cha fishi na kuingiza nyaya tupu ndani ya prizi, kama tunavyoona mahali pengi. Hiyo ni volti 220, na mtoto anayetambaa haoni tofauti kati ya waya na kamba ya kuchezea.

Kuna mambo ambayo macho na subira hayatoshi. Ukisikia harufu ya kuungua, ukiona moshi, kamba ya umeme ikiwa ya moto mkononi, au waya ukionekana nje ya ngozi yake, acha palepale. Kata umeme, chomoa, ita fundi wa kweli. Kamba ya umeme iliyochubuka haifungwi kwa skochi wala kwa kipande cha mfuko, inatupwa. Wala usifungue kisanduku cha umeme kilicho ndani ya mashini, hata kama imechomolewa: kinahifadhi nguvu ndani yake kwa muda. Na kila mara, mikono mikavu na viatu miguuni.

Namna ya kuzungumza na fundi

Mafundi wema wapo, na tunawahitaji. Lakini mwenye kuja mkono mtupu anauziwa chochote. Mwambie: «Taa ya ekrani inawaka. Verr Maj inawaka na kuzimika. Tumebadilisha kamba ya picha na nyingine nzima. Bado.» Fundi atajua kwamba mmekwisha kuchunguza, na ataanza pale mlipofika. Mwombe aonyeshe kile kilichokufa kabla ya kulipa, na akibadilisha kitu, kile cha zamani kibaki kwenu.

Kazi ya juma hili

Kila kikundi chenye mashini kifanye mambo manne.

Mosi, funga kipande cha kitenge kwenye kila kamba, rangi moja kwa chombo kimoja, pande zote mbili za kamba. Hata mama asiyesoma ataweza kurudisha kila kitu mahali pake.

Pili, wekeni mfuko wa akiba: kamba moja ya picha, moja ya umeme, moja ya imprimanti, na suri moja ya zamani iliyo nzima. Zikunjeni kwa duara kubwa na laini, kama tunavyokunja mbeleko, si kuzisokota kama kamba ya mbuzi. Mfuko huo si wa kuazima bila kuandika.

Tatu, meza ya mashini isisukumwe. Anayefagia azungushe ufagio.

Ine, na hili ndilo kubwa: hesabu za akiba zisikae mahali pamoja tu. Ziwe ndani ya mashini, ziwe kwenye kle ya USB inayokaa nyumbani kwa mama mwingine, na ziwe kwenye daftari kwa mkono, kama tulivyofanya kabla hatujapata mashini. Kle hiyo kabla ya kuitoa, iambie ordinatere kwanza, uchague «Éjecter». Ukiivuta ghafla wakati inaandika, maandishi yanaweza kuharibika. Kama daftari letu lingeandikwa mpaka juma la mwisho, tungegawana siku ile hata bila ekrani, na hakuna ambaye angelala na shaka juu ya mwenzake.

Neno la mwisho

Siku ya posho, baada ya kugawana, mama mkubwa wa kikundi alisimama akamwomba mama mwandishi radhi mbele ya wote. Wengine wakafuata. Yeye alisema jambo moja tu: «Mngeniuliza, ningewapa ufunguo.»

Sisi tunaoandika kona hii hatukusema neno baya juu yake usiku ule. Lakini tulisikia yakisemwa, tukanyamaza, na sisi ndio tulioitwa walimu. Tungeweza kusema: «Ngojeni, tuangalie kwanza.» Hatukusema. Hilo tunaliandika hapa kwa sababu radhi ya mdomoni ilisikiwa na watu 28, na maneno ya njiani yalisikiwa na mji.

Dola 60 zilibaki katika sanduku la msaada. Siku ya pili iliyofuata, sehemu yake ilimpeleka mtoto wa mmoja wetu hospitalini kwa malaria kali, na amerudi nyumbani.

Na mama mtwangaji? Kikundi kimemkabidhi mfuko wa kamba. Alikataa mara mbili, akisema hajui majina yake. Tukamwambia majina tutayajifunza pamoja. Tayari ameshona mfuko wenyewe, na vitenge vya rangi tano ni vyake.

Juma lijalo tutajibu mama aliyetuuliza namna ya kumsaidia mtoto anayesoma vizuri nyumbani lakini anashikwa na woga mbele ya mwalimu. Kama una swali, lilete kwenye mkutano au mpe mama mwandishi, yeye atalifikisha. Mkae salama, na mikono ikauke kwanza.